Kosa Si la Mtoto, ni Letu Waalimu

Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wazee. Lakini mtoto aliyeletwa shule ameletwa apate kuambiwa maana. Na mwalimu amnyimaye, kisha akamcheka, amekula mshahara wa bure.

Nasema hivi kwa sababu siku moja nilisimama mlangoni pa darasa katika mji huu wa Tabora. Ubaoni pameandikwa maneno ya Kiingereza: "The actor dried up." Mtoto akainuka akafasiri: "Mwigizaji alikauka." Mwalimu akacheka, darasa zima likacheka, mtoto akaketi, asiseme neno tena mpaka kengele ikalia. Tulipotoka nje mwalimu akaniambia, "Waona, ndugu yangu? Kiswahili ni lugha maskini, hakiwezi kubeba Kiingereza." Nikamwuliza, "Ni nani aliyemfundisha mtoto yule kwamba 'dry' ni kukauka, akamwacha hapo hapo?" Hakunijibu.

Haya, na tulitazame neno lenyewe. Kiingereza hupenda kuambatanisha kitenzi na neno dogo, na yakishaambatana maana hugeuka. Hilo "up", ambalo tumezoea kulifasiri "juu", hapa halipandi juu po pote. Lasema kwamba jambo limefika mwisho wake. Kisima kikiishiwa maji, Mwingereza husema "dry up", nasi twasema kimekauka. Jani likipigwa na jua, husema vile vile, kwetu limenyauka. Fedha za msaada zikikoma, kwetu zimekatika. Vyombo vikishaoshwa, kwake hata kazi ya kuvifuta kwa kitambaa ni "dry up". Kwetu ni kupangusa. Mwigizaji aliyesahau maneno yake mbele ya watu ameishiwa maneno. Na mtu akimkemea mwenziwe kwa neno lilo hilo, maana yake ni "Nyamaza!", wala si usemi wa adabu.

Sasa hesabu, ndugu msomaji. Pale Mwingereza anapotumia neno moja, sisi tumetumia sita: kukauka, kunyauka, kukatika, kupangusa, kuishiwa, kunyamaza. Je, hii ndiyo lugha maskini?

Wala tusijigambe kwamba Kiingereza peke yake ndicho chenye mafumbo. Mwenye kiu koo limemkauka. Aliyehubiri mno sauti imemkauka. Asiye na haya huitwa mkavu wa macho, ingawa machozi anayo kama sisi. Vijana wa mitaani wakitaka mwenzao anyamaze humwambia "Kausha!" Wamefika pale pale alipofika Mwingereza, wala hawakufundishwa na mtu. Na vineno vya kukaza kitenzi tunavyo pia: mtu hulowa chapachapa, kikapu hujaa pomoni. Mwalimu angalianzia hapo, mtoto yule angalifahamu mara moja.

Wengine watanipinga, waseme: "Masomo ya sekondari ni kwa Kiingereza, na mtihani ni kwa Kiingereza, heri mtoto asisikie Kiswahili darasani." Najibu: watoto wetu walio wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Huo ndio mlango walioingilia. Ukiufunga, hukuwapa Kiingereza, umewatia gizani tu.

Nasi wa Tabora yatupasa kulijua jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa mji wetu ni mji wa wakalimani. Kiswahili chenyewe kilitufikia kwa miguu, pamoja na misafara ya pwani iliyopita Mgunda Mkali, nchi iliyoogopwa kwa uhaba wa maji. Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857, wakati palipoitwa Kazeh, walikuwa na Sidi Mubarak Bombay, aliyesema na Speke kwa Kihindustani na kuwaambia wapagazi kwa Kiswahili. Kazi ya mtu kama huyo ni kuchukua maana, si kuhesabu maneno. Maana njiani, habari ya kisima ikifasiriwa vibaya, hakuna achekaye.

Tena yuko Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Shule ya Tabora, kisha akafundisha St. Mary's ya mji huu huu. Mwaka 1969 tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare ilitoka kwa jina la "Mabepari wa Venisi". Jina la Kiingereza lamtaja mfanyabiashara mmoja; yeye aliandika mabepari, wengi. Je, tumwambie kwamba hakujua kuhesabu? La hasha! Alilisoma jambo zima kwanza, ndipo akachagua neno.

Basi, ndugu zangu waalimu, na tufanye vivi hivi. Kwanza tumwonyeshe mtoto jambo lililotendeka, kisha tumwulize, "Nyumbani kwenu husemaje?", ndipo tumpe neno la Kiingereza. Wala tusijione wanazuoni kwa Kiingereza chetu kidogo, kwani maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Tunao hapa Tabora mtaa uitwao Chemchem. Kila mtu ajua kwamba chemchem haikaushwi na jua tu. Hata watupao mawe ndani yake huiziba. Mtoto yule aliyeketi kimya ni chemchem, na kicheko chetu ndicho jiwe.