Cheti cha daktari hakitoshi Kasapa

Ukitaja wanasaikolojia wa mahakama mjini Lubumbashi, jibu huja upesi: nchi ambayo wafungwa wake wanalala njaa haina fedha za anasa hiyo. Kwa kesi ya ubakaji, watu husema, cheti cha daktari kinatosha.

Sheria yenyewe inawakatalia. Tangu tarehe 20 Julai 2006, sheria namba 06/019 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inamtaka mwendesha mashtaka au jaji aliyeshika kesi ya ukatili wa kingono aite, bila kungoja kuombwa, daktari na mwanasaikolojia. Wote wawili. Wapime hali ya mwathiriwa, matibabu yanayomfaa, ukubwa wa madhara na jinsi yanavyozidi baadaye.

Yaliyotokea Kasapa yanaonyesha kwa nini cheti peke yake hakitoshi. Tarehe 25 Septemba 2020 wafungwa wa Gereza Kuu la Kasapa, mjini Lubumbashi, waliasi. Gereza lilijengwa kwa watu wapatao 800, nalo lilikuwa limebeba zaidi ya mara mbili yao. Vikosi vya usalama vililirudisha mikononi mwao tarehe 28. Katika siku hizo, kwa taarifa ya Human Rights Watch, makumi ya wanawake walibakwa tena na tena, msichana mmoja akiwemo. Siku tatu ni saa 72, na saa 72 ndio mwisho wa kuanza dawa za kukinga VVU baada ya kubakwa. Lango lilipofunguliwa, aliyeumizwa siku ya kwanza huenda alikuwa amekwisha kupitwa na muda huo, na alama za mwilini zilikuwa zinafutika. Tena ubakaji mwingi hauachi jeraha. Daktari akiandika kwa uaminifu kwamba hakuona alama, wakili wa mshtakiwa atasoma kwamba hakuna kilichotendeka.

Mwanasaikolojia naye hudanganywa, wanasema. Kweli, kama jaji anavyodanganywa kila wiki. Lakini kazi yake si kuamini machozi. Hulinganisha maelezo, dalili, muda na maisha ya kabla ya tukio, kisha husema kama vinaoana. Hamtaji mbakaji wala hatoi hukumu. Mwongozo wa Istanbul wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1999, umeueleza uchunguzi huo kwa kirefu.

Hoja ya fedha ndiyo nzito. Hata hivyo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chenye kitivo cha saikolojia, iko Kasapa hukohuko. Mahakama ya Rufaa iweke orodha ya wahitimu wazoefu walioapishwa, wafunzwe kazi ya mahakama, walipwe na serikali, mwathiriwa asidaiwe hata faranga. Uchunguzi urudiwe baada ya miezi sita. Madhara yanayozidi baadaye hayapimwi kwa kikao kimoja. Na faili likimfikia jaji na cheti cha daktari tu, asilirudishe kwa mwendesha mashtaka likaozee huko: mamlaka ya kumwita mwanasaikolojia anayo yeye mwenyewe.