Nakshi si Viraka

Ukipita leo katika mitaa ya Mombasa utaona matangazo ya maulidi, ya harusi na ya taarabu yamebandikwa kila ukuta, na mengi yamepambwa kwa nakshi nyuma ya maandishi. Ni jambo jema. Lakini hebu sogea karibu uitazame nakshi yenyewe. Mara nyingi utaona mistari imekatika kama iliyopitiwa na makasi, ua nusu huku na nusu kule, na kila baada ya shibiri moja mkwaruzo mrefu kutoka juu hadi chini. Mimi kazi hiyo siiti nakshi. Hivyo ni viraka.

Mchoraji wa kompyuta hachori karatasi nzima. Huchukua kipande kimoja, nacho huitwa kigae, akakiamuru kijirudie kulia na kushoto, juu na chini, mpaka nafasi ijae. Hilo halina lawama, na si jambo jipya. Wapiga chapa wa vitambaa wa Sindh na Kutch wamefanya hivyo karne nyingi kwa vibao vya mti, na ustadi wao huonekana pale kibao kinapokutana na alama kiliyoiacha kabla. Wenzetu wa Alhambra, kule Granada, walipanga vigae halisi vya udongo kwa hesabu iliyomshika mchoraji Mholanzi M. C. Escher, alikwenda kuviona mwaka 1922, akarudi tena 1936 akakaa akivinakili.

Vijana wetu hawana udhuru wa vifaa. Programu ya GIMP, iliyoanzwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, hupatikana bila ya senti moja. Kinachokosekana ni subira. Mna ndani yake amri ya kuziba mshono kwa mkupuo mmoja, nao huikimbilia hiyo. Amri ile hulaza picha juu ya nakala yake iliyosogezwa, ikavichanganya viwili hivyo. Kwa mchanga au mawingu yafaa. Kwa nakshi yenye mistari huleta mizimu: mstari juu ya mstari, ua limepanda juu ya ua.

Njia ya haki ni hii. Kama kigae chako kina pikseli 512 kwa 512, tumia amri ya ofseti ukisogeze pikseli 256 kulia na 256 chini, na kinachotoka upande mmoja kiingie upande wa pili. Hapo kingo nne zilizokuwa zimejificha pembeni zitakutana katikati kama msalaba, na aibu yote itakuwa wazi mbele ya macho yako. Sasa itengeneze kwa mkono, polepole, kwa brashi ya kunakili, ukichota sehemu nzuri ukiitia penye kasoro. Kingo mpya usiziguse kabisa, maana hizo zimekwisha kuungana zenyewe.

Sisi watunzi tunaijua kazi hii. Katika shairi la pindu, maneno yanayofunga ubeti ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata. Yasipolingana, msikilizaji hujikwaa hata akiwa hajui jina la bahari hiyo. Jicho nalo hujikwaa vivyo hivyo.

Tena kuna mwanga. Ukipiga picha ya mlango wa kuchonga na jua liko upande mmoja, kushoto kutang'aa na kulia kutafifia, na hata mistari ikiungana sawasawa bado utaona safu za giza na nuru. Piga kivulini. Na ukiwa na ua moja lenye doa la pekee, lifute. Likijirudia mara arubaini litakuwa kama jino la dhahabu katika kila kinywa.

Wapo watakaosema mteja anaitaka kazi yake jioni hii hii. Sawa, lakini kigae kilichotengenezwa vizuri mara moja hutumika miaka. Linaloniuma zaidi ni kwamba kijana huyo huteremsha kigae cha mtu wa mbali asiyemjua, hali amezungukwa na milango ya kuchonga, na zidaka za Lamu, na mji wa leso aliyojifunga mamake. Hizo ndizo angezipiga picha akazifanyia kazi. Tukiendelea hivi, mjukuu wake ataijua nakshi ya Granada, na ya kwao asiijue.

Aanze na mji wa leso, ndio mwepesi. Pindo lina taabu yake: hujirudia kwa kufuata ukingo tu, na likifika pembeni haligeuki lenyewe. Pembe sharti ichorwe peke yake.