Usambazaji wa dopanti katika dutu za termoelektriki

Usambazaji wa dopanti ni namna atomi ngeni zilizoongezwa kwa makusudi zinavyokaa ndani ya nusukipitishi: ama zimetawanyika sawasawa, ama zimejikusanya mahali pamoja. Katika dutu za termoelektriki, yaani zile zinazogeuza tofauti ya halijoto kuwa umeme, jambo hili huathiri kiasi cha umeme kinachopatikana na pia muda ambao kifaa kitadumu na nguvu yake.

Voyager

Mfano ulio wazi ni vyombo vya anga Voyager 1 na Voyager 2, vilivyorushwa na NASA mwaka 1977. Kila kimoja kina jenereta tatu zinazotumia joto la plutoni-238. Mwanzoni zilitoa takriban wati 470 kwa jumla. Nguvu hiyo hupungua kwa wati 4 hivi kila mwaka. Ndiyo maana vifaa vya utafiti vinazimwa kimoja baada ya kingine: mwaka 2024 kilizimwa kipima plazma cha Voyager 2, na Februari 2025 kipima mionzi ya kosmiki cha Voyager 1.

Kwa kawaida lawama zote hutupiwa plutoni. Ni kweli kwamba nusumaisha yake ni miaka 87.7, hivyo joto linapungua. Lakini vigeuzi vyenyewe navyo huzeeka.

Vigeuzi hivyo ni aloi ya silikoni na gerimani. Mguu mmoja umetiwa boroni, mwingine fosforasi. Atomi ya fosforasi ikikaa mahali pa atomi ya silikoni hutoa elektroni moja huru ya kubeba umeme. Kwenye ncha ya moto, karibu 1000 °C, fuwele huweza kushika fosforasi nyingi. Kwenye ncha baridi atomi karibu hazisogei. Taabu iko katikati: joto linatosha kuzisogeza, ila uwezo wa fuwele kuzishika umepungua. Polepole hujikusanya kuwa chembe, kama sukari inayojitenga na sharubati nzito ikipoa. Fosforasi hiyo bado imo, lakini haitoi tena elektroni.

Matokeo yake ukinzani hupanda. Volti kwa kila digrii nayo huongezeka na kufidia sehemu ya hasara. Kwa hiyo anayepima volti peke yake anaweza kudanganyika. Mguu wa boroni hutulia zaidi.

Utafiti wa sasa

Kutokuwa sawasawa si kasoro kila mara. Dutu bora hupitisha umeme vizuri na joto vibaya, na sifa hizo hujumlishwa katika kipimo kiitwacho ZT. Katika teluridi ya risasi, chembe ndogo sana zilizojitenga huzuia mitetemo inayobeba joto. Natiri, ambayo ndiyo dopanti yake ya kawaida, ina tabia ya kukimbilia mipaka ya punje za fuwele, na huko haina faida ileile.

Mwaka 2021 watafiti wa Korea Kusini na Marekani walitangaza ZT ya takriban 3.1 kwa selenidi ya stani yenye punje nyingi, iliyotiwa natiri. Siri kubwa ilikuwa kuondoa oksidi ya stani iliyofunika punje na kupitisha joto.

Suala hili sasa lina uzito wa kibiashara pia. Februari 2025 China ilianza kudhibiti uuzaji nje wa baadhi ya bidhaa za teluri na bismuti, elementi za dutu inayotumika zaidi katika vipoozaji vidogo vya umeme. Antimonidi ya magnesi hutajwa kuwa mbadala, lakini magnesi yake huvukiza inapopata moto, na idadi ya elektroni hubadilika kuanzia usoni kwenda ndani.