Teja, Arosto, Uraibu: Tuyajue Maneno Tunayoyatamka

Kijana amejikunyata juu ya mkeka. Jasho linamtoka huku vinyweleo vimemsimama kana kwamba ana baridi. Anapiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yanamchuruzika, tumbo nalo limevurugika. Mama anadhani ni malaria. Baba anasema anajifanya ili apewe fedha. Jirani anachungulia mara moja tu na kusema, "Ana arosto huyo." Mandhari hii si ngeni katika mitaa ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja wala Mombasa, na mara nyingi jirani huyo ndiye peke yake aliyelitaja tatizo kwa jina lake.

Arosto ni jina la mtaani la hali impatayo mtumiaji wa heroini anapoikosa. Huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya dozi ya mwisho, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa wiki moja hivi. Si maigizo hata kidogo. Heroini ikishaingia mwilini hugeuka mofini, ikaushika ubongo mahali pale pale panapotuliza maumivu. Ubongo uliozoea kutulizwa namna hiyo hauwezi tena kujituliza wenyewe, hivyo dawa ikikatika, kila kilichokuwa kimelazwa huamka kwa pamoja. Kijana anayeiba sufuria la mamake alfajiri akaliuze apate kete moja ya heroini hatafuti raha. Raha ilikwisha siku nyingi. Anatafuta nguvu za kusimama tu. Wizi unabaki kuwa wizi, lakini mzazi asiyejua chanzo chake atapiga na kufukuza bila kuponya chochote.

Yapo makosa mengine mabaya zaidi, kwa kuwa huua. Familia nyingi huamini kwamba dawa ya mlevi ni kumfungia chumbani mpaka ulevi umtoke. Arosto ya heroini hutesa mno, ila kwa mtu asiye na maradhi mengine na anayepata maji ya kutosha, ni nadra kumwondoa duniani. Pombe ni habari nyingine. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuona visivyokuwepo, na kufa. Pombe hiyo inauzwa dukani mchana kweupe! Sheria na mwili havisomi kitabu kimoja: mirungi ni marufuku Tanzania, na ng'ambo ya mpaka, Kenya, ni zao halali la biashara. Kwa hiyo anayetaka kujua hatari ya kitu asiulize tu kama kimepigwa marufuku. Na mlevi wa siku nyingi anayetaka kuacha apelekwe hospitali, asifungiwe stoo.

Neno jingine la kulijua ni usugu, yaani mwili kuzoea. Aliyetosheka na kete moja mwaka jana, leo tatu hazimtoshi. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba usugu huondoka upesi. Mtu akikaa gerezani au soba hausi, yaani nyumba ya kuachia dawa, kwa miezi michache, mwili husahau. Akitoka akarudia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika palepale. Majuma ya kwanza baada ya kutoka ndiyo ya hatari kuliko yote, nayo ndiyo majuma ambayo ndugu hushusha pumzi wakidhani safari imekwisha. Midomo ikigeuka buluu, mkoromo ukawa mzito na wa nadra, mboni za macho zikasinyaa kama ncha ya sindano, huyo hajalala. Akimbizwe hospitali, ambako ipo dawa iitwayo naloksoni ya kumrudishia pumzi.

Utegemezi nao husemwa kana kwamba ni sawa na uraibu, na mkanganyiko huo umewatesa wasio na hatia. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini ya kunywa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road mwili wake utaizoea, na hapaswi kuikatisha ghafla. Huo ni utegemezi wa mwili. Uraibu ni pale mtu anaposhindwa kujizuia ingawa anaona kazi, ndoa na afya vinateketea. Wapo ndugu wanaosita kumpa mgonjwa wao mofini wakihofu atakuwa teja, na mzee wa watu anakesha akilia kwa maumivu ambayo dawa yake imo kabatini.

Na teja lenyewe? Wengi hulifasiri kuwa ni ufupisho wa mteja, yaani mnunuzi wa pusha, muuza dawa za kulevya. Neno hilo limefanywa tusi, na anayetukanwa hujificha hata kwa mganga wake. Afadhali mraibu, jina linalotaja maradhi. Zamani neno uraibu lilitajwa pamoja na tambuu, tumbaku na kahawa. Leo limebebeshwa mzigo mzito zaidi, na linaubeba vizuri.

Na maradhi hayo yana tiba. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke. Zanzibar nayo inayo, na Kenya inazo Mathari jijini Nairobi, na Malindi. Wapo wanaobeza kwamba huko ni kubadili ulevi kwa ulevi. Hawajatazama vizuri. Heroini humrudisha mtu kwa pusha mara kadhaa kwa siku, wakati mwingine kwa bomba la sindano lililokwisha kupita mikononi mwa wengine, pengine na virusi vya Ukimwi ndani yake. Methadoni kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na kwa kipimo sahihi humwacha mtu na akili zake, aende kibaruani. Akiteleza akarudia heroini, hilo lilitarajiwa katika ugonjwa wa aina hii. Arudishwe kliniki, asisimangwe.

Basi mzazi atakayelisikia neno arosto nyumbani kwake asitafute mnyororo. Amkalishe mwanawe, ampe maji, kukipambazuka amshike mkono ampeleke hospitali, na huko aseme ukweli wote. Katika kliniki za serikali nchini Tanzania, methadoni hutolewa bila malipo.