Mchai Unaokauka Peke Yake

Wakulima wa chai katika miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kitale na upande wa Bungoma, huenda wamepata kuliona jambo hili: mchai mmoja hugeuka manjano katikati ya wenzake walio kijani, majani hunyauka, kisha mti wote hukauka. Mwenye shamba husema ni jua, au mchwa, au kijicho cha jirani. Huung'oa, na katika shimo lile lile hupanda mche mpya. Baada ya muda huo nao hufa, pengine pamoja na michai miwili ya kando.

Kabla ya kumlaumu jirani, Bwana Mkulima, chukua kisu. Fukua udongo pale shina linapoingia ardhini, utazame kama gome limepasuka kwa urefu. Kisha libambue. Ukikuta kati ya gome na mti utando mweupe, mwembamba kama karatasi, wenye harufu ya uyoga, umemwona adui mwenyewe. Ukame hauachi utando, wala mchwa hawanuki uyoga. Hiyo ni kuvu iitwayo Armilaria.

Kuvu hii huishi katika mizizi ya miti ya msitu. Mti ukatwapo, kisiki hubaki na chakula tele, nayo hula humo kwa miaka mingi, ikivuka kuingia mchai pale mizizi inapogusana. Hata kisiki cha mgrevilea uliopandwa kuzuia upepo huweza kuwa ghala lake.

Huko Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mtaalamu R. Leach alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba mti ukimenywa gome kuzunguka shina, ukaachwa ufe pole pole kabla ya kukatwa, wanga katika mizizi hupungua na kuvu hukosa chakula. Jambo hili lataka subira, nasi twajua jinsi mtu anavyotamani kupanda mwaka huu huu.

Penye ugonjwa, chimbua mchai uliokufa na kisiki kilicho karibu, pamoja na mizizi yote, hata vipande vinene kama kalamu. Vikaushe juani, uvichome. Michai ya kando nayo ipimwe kwa kisu, maana huweza kuonekana mizima hali mizizi imekwisha kushikwa. Dawa ya kunyunyizia majani haifiki huko chini. Afadhali fedha hiyo uwalipe vibarua wa kuchimba.