Mcheza Kwao Hutuzwa

Marekani ni nchi yenye magari mengi na fedha tele, lakini katika mashindano ya Formula One imepata mabingwa wa dunia wawili tu: Phil Hill, mwaka 1961, na Mario Andretti, mwaka 1978. Yafaa tukumbuke kwamba huyu wa pili hakuzaliwa Marekani. Alizaliwa mwaka 1940 katika mji wa Montona, uliokuwa chini ya Italia. Baada ya vita jamaa zake wakawa wakimbizi, wakaishi kambini Lucca, hata mwaka 1955 wakavuka bahari. Marekani ikawapokea, mwaka 1964 ikampa kijana huyo uraia, naye akailipa kwa ubingwa.

Nasi Waganda tulikuwa na wetu. Shekhar Mehta alizaliwa nchini mwetu mwaka 1945, na humu humu akaanza mchezo wa magari. Agosti 1972 Idi Amin akawaamuru Waasia waondoke katika muda wa siku 90. Mehta akahamia Kenya. Mwaka uliofuata akashinda Safari Rally kwa gari la Datsun, kisha akashinda tena mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Mara tano Kenya ilishangilia. Mashindano hayo yalipoanzishwa mwaka 1953, yalipita pia katika barabara za Uganda. Bingwa na barabara vilikuwa vyetu, lakini sifa ikaenda kwa jirani. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Je, aliyefukuzwa kwao atatuzwa na nani?

Huenda askari akauliza: mchezo wa matajiri watuhusu nini sisi tunaolinda nchi? Twajibu kwamba amri haitembei kwa miguu yake. Ile ya 1972 ilitoka Kampala, lakini ilitekelezwa na watu wenye sare na bunduki katika vizuizi vya barabarani. Njiani kuelekea Entebbe wengi walipekuliwa na kunyang'anywa walichobakiwa nacho. Mji wa Jinja waujua msiba huo: maduka yalifungwa, viwanda vikadhoofika, na wafanyakazi wa Walukuba, Waafrika halisi ambao amri ile ilidai kuwatetea, wakalipia kwa vibarua vyao. Dhuluma haichagui kabila. Huanza kwa mgeni, ikamalizia kwa mwenye nyumba.

Hatusemi kwamba kila mpita njia ni bingwa, wala kwamba mhalifu aachwe apite kwa kuwa anaendesha vizuri. Sheria ni sheria. Tusemalo ni kwamba askari akague leseni na mzigo, asikague rangi ya ngozi wala lafudhi. Mwaka 1999 Mganda Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika katika mbio za magari, na bendera iliyopepea ilikuwa ya Uganda. Tofauti yake na Mehta si kipaji. Ni kwamba nchi haikumfungia mlango.

Kijana wa Walukuba anayefungua injini leo chini ya mwembe, awe Msoga, Mhindi au mkimbizi kutoka Kongo, kesho atapita katika kizuizi chetu. Ndugu askari, tumsimamishe kwa heshima, tumkague kwa haki, kisha tumfungulie njia.