Hakupona, Alitulia

Jirani yangu hapa Mpanda ni mkulima wa mpunga. Msimu mmoja, mvua zikikaribia kukata, alianza kuamka saa nane usiku na kufagia uwanja huku akiimba. Wiki ya kwanza tulimsifu kwa bidii. Wiki ya pili alikuwa ameuza magunia yake kwa bei ya kutupa, amekopa kwa watu watatu, amenunua pikipiki mbili na kumgawia moja kijana asiyemjua, huku akieleza, kwa kasi isiyokuachia nafasi ya kuchomeka neno, namna atakavyolinunua treni la Tabora. Ukimzuia, anawaka. Baada ya miezi mitatu akatulia. Msimu uliofuata alijilaza kitandani uso ukutani, ndege wakala mpunga, na walewale waliosema "kichaa" wakasema "mvivu".

Ni ugonjwa mmoja huo. Hospitalini wanauita bipola: moyo hupanda kupita kiasi kwa wiki au miezi, wakati mwingine huzama kwenye sonona, na katikati mtu huwa mzima kama mimi na wewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa nao. Hicho kipindi cha katikati ndicho kinachotuchezea akili sisi tulio wazima. Karibu kila nililosikia likisemwa juu ya jirani yangu limezaliwa hapo.

"Malaria imepanda kichwani." Hili silipuuzi. Malaria kali huvuruga ubongo kweli, na yeyote anayebadilika ghafla atobolewe kidole apimwe kwanza. Lakini mgonjwa wa malaria ya ubongo huchanganyikiwa, husinzia, hupata degedege, na akicheleweshwa anaweza kufa ndani ya siku chache. Jirani yangu hakuwa na homa. Alilala saa mbili kwa usiku bila kuona uchovu, na alikumbuka deni la kila mtu mtaani. Mbu gani anampa mtu nguvu miezi mitatu? Na kipimo kikionyesha vimelea, bado neno halijaisha, kwa kuwa kwenye maeneo ya malaria nyingi kama haya yetu mtu mzima anaweza kuwabeba bila kuumwa. Atibiwe malaria, kisha tutazame kama usingizi umerudi.

"Alirogwa, na mganga alimponya." Shemeji yake ananiambia hivi kila tukikutana sokoni, na ushahidi anao: alipozindikwa, alitulia. Alitulia kweli. Ila kipindi cha kupanda, hata kisipotibiwa, mara nyingi hushuka chenyewe baada ya wiki kadhaa au miezi. Sasa familia humpeleka mtu kwa mganga lini? Hali inapokuwa imewashinda kabisa, yaani karibu na kilele. Mganga anaukuta mto ushafurika hadi mwisho wake, anapiga manyanga, maji yanapungua, anaondoka na mbuzi. Mchungaji anayekemea mapepo naye hukutwa na bahati hiyohiyo. Sisemi wanadanganya, wanamwona mtu akitulia mbele ya macho yao, na wanaamini. Lakini ugonjwa ukirudi msimu mwingine hakuna anayesema dawa ilishindwa. Husemwa mchawi ameongeza nguvu, na kuna bibi kizee mahali fulani ataanza kutazamwa kwa jicho baya.

Sisi tunaoishi katika mkoa wa Katavi, wenye jina la Katabi, mzimu ambao Wabende husimulia kuwa makao yake ni mkwaju ulio kando ya ziwa, hatuhitaji kufundishwa heshima ya mizimu. Anayetaka kupeleka sadaka mkwajuni apeleke. Ninachokikataa ni kamba. Mtu aliyepanda akifungwa kwenye mti juani bila maji anaweza kufa, na asipokufa hatamsahau aliyemfunga.

"Kichaa cha mwezi mchanga." Mwezi huandama kila mwezi, jirani yangu hakupanda kila mwezi. Anayetafuta kichocheo autazame usingizi. Kukesha, kwa mkesha wa maombi, kwa msiba au kwa ngoma, kunaweza kumpandisha mtu mwenye bipola ndani ya siku chache. Bangi nayo husukuma kwa nyuma.

"Anajiendekeza, angeumwa angeumwa kila siku." Hakuna anayemwambia hivyo mgonjwa wa pumu siku anayopumua vizuri. Na hapa kuna hatari ambayo watu hawaioni: akizama, au akiwa na nguvu za kupanda na huzuni ya kuzama kwa pamoja, anaweza kujiua. Katika nyumba za wakulima wa tumbaku na pamba, chupa ya sumu ya wadudu hukaa uvunguni. Itolewe humo. Akisema amechoka kuishi, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

"Dawa za akili zinamfanya mtu zezeta." Sindano anazopigwa siku ya vurugu humlaza na pengine kumkaza misuli, na ndizo tunazoziona. Lakini hizo ni za kuzima moto. Za kuzuia moto ni nyingine. Lithiamu, ambayo ni chumvi ya madini, ilitangazwa na daktari John Cade wa Australia mwaka 1949, enzi zilezile reli ilipokuwa ikiletwa Mpanda kutoka Kaliua kufuata risasi ya mgodini. Mpaka leo ni miongoni mwa dawa bora za kuzuia kupanda, na hupunguza hatari ya kujiua. Masharti yake ni magumu: damu ipimwe mara kwa mara, pamoja na figo na tezi ya shingo, maji yasikosekane kwenye joto letu la Oktoba, na diklofenaki ya duka la dawa isinywewe kiholela, maana lithiamu ikizidi mwilini ni sumu.

Wengine hupewa kabamazepini au valproeti, halafu ndugu wanarudi na karatasi kwa hasira: "Wamempa dawa za kifafa!" Madaktari hawakukosea. Dawa hizo hutuliza na bipola pia, ingawa valproeti huweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke wa umri wa kuzaa aulizie nyingine. Mgonjwa asiziache ghafla, wala asiruhusu dawa ya sonona pekee, kwani inaweza kumpandisha.

"Mpaka Mirembe." Kwenye hospitali hiyo ya akili kule Dodoma wapelekwe walioshindikana karibu. Safari ya treni kupitia Tabora, ukiwa na mtu asiyelala, ni adhabu kwa behewa zima. Waliotulia wanahitaji kliniki ya jirani na dawa zisizokatika.

"Amepona, aache dawa." Jirani yangu aliacha mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anajisikia vizuri. Siku hizi mke wake ana daftari la kaunta juu ya kabati la vyombo. Kila asubuhi anaandika saa ambazo mumewe amelala: saba, saba, sita, saba. Ikiandikwa tatu siku mbili mfululizo, hamuulizi mtu, anachukua pochi yake na kumwambia, "Baba, vaa viatu, twende kliniki."